Sanduku la kumbukumbu kwa kijana wa malezi ya kambo: boksi zuri, albamu ya hatari

Kijana wa malezi ya kambo, yaani anayelelewa na familia isiyo yake, akipitia mikononi mwa walezi watatu au wanne anaweza kufika miaka 14 bila picha hata moja ya utotoni. Zilibaki kwenye droo ya nyumba ya kwanza, au kwenye simu ya mlezi ambaye hawawasiliani tena. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala (ya watoto wasiolelewa na wazazi wao) inataka mtoto awe na kitabu cha maisha yake, chenye picha na vitu vyake, kinachotunzwa kwa kumshirikisha yeye mwenyewe. Seti tunayoipima hapa imekusudiwa kazi hiyo: sanduku la kadibodi ngumu lenye kufuli, albamu, daftari la maswali na bahasha 10.

Sanduku tunalikubali. Karatasi ya A4 inalala bila kukunjwa, na lote linaingia kwenye begi la mgongoni. Ukubwa huo ni jambo kubwa, kwa sababu taarifa ya kuhama inaweza kuja jioni na safari ikawa asubuhi. Nguo zinasukumwa kwenye mifuko ya taka, na kisichobebeka kinaachwa. Liwekwe juu ya kabati, mbali na sakafu, kwani kadibodi haihimili unyevu.

Albamu hapana. Ni ile ya kurasa za gundi zenye nailoni juu. Miaka ikipita gundi hugeuka njano na kung'ang'ania mgongo wa picha, ukiibandua, inachanika. Kwa mtu mwenye picha moja tu ya mama yake, hakuna fidia. Nunua mifuko ya polipropilini (plastiki isiyodhuru picha), na uepuke ile laini ya PVC, plastiki nyingine yenye harufu kali, maana hunata kwenye picha. Maelezo (nani, wapi, mwaka gani) yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Karatasi ya picha ikikataa penseli, andika kwenye kikaratasi kikae mfuko mmoja na picha.

Daftari nalo linauliza "Baba yako anapenda chakula gani?" Kijana wa miaka 15 asiyemjua baba yake akikuta swali hilo ukurasa wa kwanza, atalifunga papo hapo. Daftari tupu linafaa zaidi. Kila nyumba ipewe ukurasa wake: tarehe ya kuingia na ya kutoka, shule, majina ya waliokuwa wakiishi pale, hata jina la mbwa.

Bahasha ziwe za nakala za cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na ripoti za shule. Nyaraka halisi zitunzwe na mlezi au afisa ustawi wa jamii, kisha kijana akabidhiwe kwa orodha iliyosainiwa kabla hajaanza kujitegemea. Tiketi na risiti za mashine zipigwe picha mapema, kwani maandishi yake hufifia.

Seti haina flashi. Ongeza moja, lakini usiitegemee peke yake. Ikikaa miaka bila kuchomekwa inaweza kupoteza data. Nakala nyingine iwe kwenye akaunti ya mtandaoni ya kijana mwenyewe, siyo ya mlezi.

Funguo ni mbili. Zote ni za kijana, na ya akiba ampe anayemwamini. Mlezi asifungue bila ruhusa, hata kwa nia ya kupanga vizuri.

Sanduku likiuzwa peke yake, lichukue. Kama ni lazima seti nzima, boksi la kawaida la faili za A4 na mifuko 20 ya polipropilini vitafanya kazi vizuri zaidi.