Kisanduku cha kuitia bata mzinga: wawindaji wa kulungu, kinunueni

Ndugu zangu mnaowinda kulungu hapa Missouri, Marekani, kila Novemba, Aprili msikae nyumbani: njooni tuwinde bata mzinga wa porini. Kisanduku hiki cha mwerezi nakisifu bila kusita. Unapaka chaki chini ya kifuniko, unakisugua taratibu ukingoni, nacho kinatoa sauti ya jike. Dume akiitikia toka bondeni alfajiri, moyo unakwenda mbio. Kulungu hajawahi kunijibu hivyo!

Kasoro yake ni unyevu. Mbao ikilowa, sauti inakufa, basi kibebeni kwenye mfuko wa plastiki.

Upepo usiwasumbue sana, ndege huyu hategemei pua. Macho yake ndiyo kazi, tena rangi anaziona vizuri kuliko kulungu. Ukimfukuza mbu tu, keshaondoka. Egemea mti mpana kuliko mabega yako, funika uso na mikono. Na tafadhali sana, usivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu: ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwenzako anaweza kukufyatulia risasi.

Kibali cha kulungu hakitumiki hapa. Kateni cha kuwinda bata mzinga majira ya machipuko.