V8 ya Marekani kwa dola 20,000 hadi 35,000: ninavyozipanga, na bei ambayo singeivuka

Dodge ilimaliza kuunda Challenger Desemba 2023. Mwezi huohuo Chevrolet nayo ikaiaga Camaro. Katika yale magari matatu ya milango miwili yaliyokuwa yakigombea mteja mmoja, sasa Mustang ya Ford peke yake ndiyo bado inatoka kiwandani na V8, yaani injini ya silinda nane. Kwa hiyo ndugu yangu uliyeko Marekani na umejiwekea akiba ya gari la kasi, soko lako ni la mtumba, na huko kila muuzaji anajitungia bei kwa kisingizio kwamba "hizi hazitengenezwi tena". Nimezipanga kwa utaratibu ambao ningenunua kwa fedha zangu. Bei ninazotaja ni kikomo changu kwa gari lenye hati safi (isiyoonyesha kwamba liliwahi kuharibika vibaya) na maili zisizozidi 60,000.

1. Corvette C6, 2008 hadi 2013

Wengi hudhani Corvette ya Chevrolet ni ya wenye nazo, wakapita bila hata kuuliza. Lakini fedha inayonunua Mustang ya juzijuzi inanunua C6, yaani kizazi cha sita, yenye injini ya LS3, na kwangu mimi hiyo ndiyo injini bora kwa kila dola unayotoa. Ni lita 6.2, nguvu za farasi 430, kamshafti (mhimili unaofungua vali) moja tu iliyolala ndani ya bloku, vali mbili kwa kila silinda. Ukisoma hivyo utasema ni mambo ya kale. Sasa fungua boneti uone faida yake: injini ni fupi, nyepesi na imekaa chini, kwa sababu haijabebeshwa kamshafti nne kichwani. Spea zake zimejaa kila mahali, na fundi aliyezoea pikapu za Chevrolet hatashangaa akiikuta mbele yake.

Gari zima lina kilo kama 1,450. Bodi yake si ya bati, na giaboksi imewekwa nyuma ili uzito ugawanyike karibu nusu kwa nusu. Ukiwa na gia ya mkono na mguu mwepesi, kipimo rasmi cha barabara kuu ni maili 26 kwa galoni, yaani kilomita 11 hivi kwa lita. Kwa V8 ya ukubwa huo, hiyo ni nafuu kweli.

Sitatoa zaidi ya dola 30,000. Za 2005 hadi 2007 zina LS2 ya farasi 400, nazo nazipa 22,000. Z06, toleo kali la C6 lenye lita 7.0 na farasi 505, inatamanisha mno, ila usiiguse bila risiti inayoonyesha kwamba vichwa vya silinda vimekaguliwa. Vibushi vinavyoongoza vali huchakaa mapema, na vali ikikatika inakwenda na injini yote. Kama kazi hiyo haijafanyika, gharama yake itoke kwenye bei ya muuzaji, isitoke mfukoni mwako.

Viti ni viwili tu. Mwenye watoto, shuka nasi chini.

2. Mustang GT, 2015 hadi 2017

Coyote ya lita 5.0 ni injini ya tabia nyingine kabisa: kamshafti nne, vali 32, farasi 435, na utamu wake uko juu, karibu na mizunguko 7,000 kwa dakika. Toleo la 2015 ndilo lililoleta magurudumu ya nyuma yanayojitegemea kwa Mustang zote, kwa hiyo gari halirukiruki tena kwenye lami mbovu. Kuna viti vya nyuma vya watoto, na buti linameza masanduku ya safari.

Kikomo changu ni 24,000. Kuanzia 2018 nguvu zilipanda hadi farasi 460 na ikaja otomatiki ya gia kumi, ila sioni sababu ya kuongeza dola 6,000 au 7,000 kwa farasi 25. Jaribu gia ya mkono ikiwa bado baridi, hasa ukitoka ya kwanza kwenda ya pili. Ikikwama au ikisaga, nenda kaone nyingine, Mustang hazijaadimika.

Kwa anayewaza kupeleka gari nyumbani Kenya: usukani wa kushoto hausajiliwi, na gari lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kuanzia kizazi hiki Ford imeunda pia Mustang za usukani wa kulia kiwandani Flat Rock, Michigan, zikauzwa Uingereza. Itafute huko, na iwe ya miaka ya karibuni.

3. Camaro SS, 2016 na kuendelea

Kwenye kona inaishinda Mustang, sibishani na yeyote. Chesisi yake imetokana na ya Cadillac ATS, na injini yake, LT1 ya lita 6.2, ina farasi 455. Kilichoishusha ni madirisha: ni membamba kiasi kwamba kubadilisha njia mjini ni mtihani wa kila siku. Otomatiki ya gia nane isikilize kwa makini ukiwa mwendo wa kati. Ukihisi mtetemo kama unapita juu ya matuta madogo, uliza kama oili ya giaboksi imewahi kubadilishwa. Mwisho 28,000.

4. Challenger Scat Pack

Lita 6.4, farasi 485, sauti inayokutoa machozi. Kwa safari ndefu na watu wazima wanne hakuna mpinzani hapa. Lakini inakaribia kilo 1,900, na breki na matairi vinaulipia uzito huo. Sikiliza injini ikiwa baridi: mlio wa tiki-tiki usioisha unaweza kuwa lifta (vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili vali zifunguke) zinazoila kamshafti. Naiweka ya nne kwa sababu wauzaji wanaipandisha bei kana kwamba ziliundwa mia moja tu, ilhali zimejaa kila jimbo. Ikipita 30,000, mwachie. Hellcat, yaani Challenger ya farasi 707, sikuiingiza kabisa, maana wezi wanaipenda na kampuni za bima zinalijua hilo.

Kabla ya kutoa fedha

Piga simu ya bima kwanza, ukiwa na namba ya chesisi mkononi, maana kwa kijana wa chini ya miaka 25 malipo ya mwezi ya bima yanaweza kukaribia ya mkopo wenyewe. Kisha hesabu matairi. Seti nzuri ya magari haya huvuka dola 1,000 kirahisi, na muuzaji mwenye matairi yaliyoisha hatakutajia.

Gari lisiwashwe kabla hujafika. Mimi niliwahi kumwomba hivyo muuzaji mmoja, akakubali, nikaendesha saa mbili kwenda kuliona. Niligusa boneti, ikawa ya moto. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani.

Na kama uko majimbo ya kaskazini, nenda Desemba au Januari. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halina kazi kwenye theluji, na anayelipia maegesho ya gari asiloliendesha husikiliza ofa ambayo Aprili angeikataa.