One Life: nilingoja mabomu, nikakuta makabrasha

Filamu hii ya 2023 nimeitazama mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza peke yangu, usiku. Mara ya pili na mama, aliyekuwa mpiga chapa serikalini hadi anastaafu, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Nicholas Winton, kijana wa miaka 29 anayefanya kazi kwenye soko la hisa London, anakwenda Prague mwishoni mwa 1938 kumsaidia rafiki. Anakuta wakimbizi waliokimbia Sudetenland, eneo la mpakani mwa Czechoslovakia, baada ya Hitler kupewa eneo hilo, wengi wao Wayahudi, watoto wakitetemeka kwa baridi. Anaamua kuwapeleka watoto Uingereza, na kuanzia hapo ni makaratasi mwanzo mwisho: fomu, picha za watoto, viza, barua za kuomba familia za kuwapokea, na dhamana ya pauni 50 kwa kila mtoto, fedha nyingi sana enzi hizo. Mimi sehemu hiyo ilinichosha kidogo. Mama alisogeza kiti. "Hapo sasa," akasema mashine za kuchapa zilipoanza kulia, "fomu ikikosewa jina tu, mtoto amekwama." Na Helena Bonham Carter, anayeigiza mama yake Winton, alipokwenda kumbana ofisa wa uhamiaji ofisini kwake, mama alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nadhani aliwahi kukaa upande wa pili wa meza ile.

Anthony Hopkins ndiye Winton wa 1988, mzee ambaye nyumba imemjaa maboksi na mkewe amechoka nayo. Ndani ya mkoba wa ngozi mna albamu yenye majina. Hopkins haigizi kwa kelele. Ukimwangalia mabega tu unajua anahesabu nini. Treni nane zilitoka Prague zikiwa na watoto 669. Ya tisa, yenye watoto wapatao 250, ilikuwa iondoke tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland. Haikuondoka. Mzee huyu hana furaha ya 669, ana deni la hao 250, na ndiyo maana ile sehemu ya studio ya BBC, anapokutanishwa na watu wazima aliowaokoa utotoni, inakukamata hata kama ulishaiona video yake halisi.

Lawama ninayo. Kurukaruka kati ya miaka ya 30 na 1988 kunaiibia Prague muda. Doreen Warriner na Trevor Chadwick, wenzake Winton katika kazi hiyo, ndio waliokuwa palepale Wajerumani walipoingia mjini Machi 1939, wakati huo Winton yuko London na mafaili yake. Filamu inawataja kwa heshima, lakini ilipaswa kukaa nao zaidi. Hata watoto wenyewe wanaongea kidogo mno.

Naipa nyota nne kati ya tano. Haifiki saa mbili, haina damu, na vijana wa sekondari wanaweza kuitazama, ila waelezwe kwanza kuhusu Munich, yaani mkataba wa 1938 uliompa Hitler Sudetenland, la sivyo watapotea dakika kumi za mwanzo.

Mama hakulia. Majina ya waigizaji yalipoanza kupita aliuliza, "Na lile daftari la majina, nani kalitunza?" Nikatafuta kwenye simu: liko Yad Vashem, makumbusho ya mauaji ya Wayahudi huko Jerusalem. "Haya," akasema, akaenda kulala.