Uzoefu Wangu: Miaka Miwili na Jenereta ya Dizeli ya kVA 5 Kisiwani

Ninauza samaki na vinywaji baridi katika kisiwa kimoja kidogo cha wilaya ya Ukerewe, Ziwa Victoria, ambako nguzo za umeme hazijafika, na kwa miaka miwili sasa duka langu limetegemea jenereta ya dizeli ya silinda moja, inayopozwa kwa hewa. Kwa uimara ninaisifu bila kusita, kwa sababu haijawahi kuniharibia sangara hata siku moja. Kelele zake ni kubwa mno, na mtikisiko hulegeza nati za eksosi kila baada ya wiki chache.

Kilichonihangaisha zaidi ni moshi. Mwaka wa kwanza niliiwasha kwa muda wa saa 12 kila usiku kwa ajili ya friza mbili na taa chache, nikiamini kwamba mzigo mdogo unaipumzisha injini, kumbe injini ya dizeli isiyopata mzigo wa kutosha haipati joto la kuchoma mafuta yote, hivyo masizi huganda kwenye nozeli inayonyunyizia mafuta na majimaji meusi huanza kuchuruzika kwenye bomba la moshi. Moshi ule uliingia moja kwa moja katika chumba walimolala watoto wa jirani yangu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliuthibitisha moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani mwaka 2012, nami nilipolijua hilo niliona haya kumtazama mama wa watoto wale.

Fundi alinishauri nikusanye mzigo. Sasa taa na simu zinatumia paneli ndogo ya sola, na jenereta inafanya kazi kwa muda wa saa 5 tu kila jioni, ikiendesha friza zangu, friza ya jirani na pampu ya maji kwa pamoja. Barafu iliyoganda hutunza samaki hadi asubuhi. Matumizi yameshuka kutoka lita 10 hadi takriban lita 6 kwa siku, na kwa kuwa kila lita ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi, tunaepusha zaidi ya kilo 10 kila siku. Bomba la moshi nimelirefusha na kulielekeza upande usio na nyumba.

Oili chafu nayo isisahauliwe. Hubadilishwa kila baada ya saa 100, na hapa kwetu wengi huimwaga ufukweni, palepale tunapochota maji ya kunywa. Mimi huihifadhi kwenye dumu na kuipeleka Mwanza kwa wanunuzi wake.

Ningeinunua tena mashine hii, ila safari hii ningeanza na paneli za sola, kisha ningechagua jenereta yenye uwezo mdogo zaidi, ya kVA 3.