Tahadhari kwa anayemtafutia mgonjwa wake kiti cha kuinua

Ninaandika tahadhari hii kwa ajili ya yeyote aliye mbioni kumnunulia mzazi, mwenzi au ndugu yake kiti cha umeme cha kuinua, yaani kile kiti cha kuegemea ambacho kitufe cha rimoti kikibonyezwa huinuka kwa nyuma na kuinamia mbele polepole, hadi aliyekikalia akabaki karibu wima na nyayo zikiwa sakafuni. Muuzaji aliyetuuzia simtaji kwa jina, kwanza kwa sababu shauri letu naye halijaisha, na pili kwa sababu jina analolitumia leo silo alilolitumia kwetu. Nitaeleza alivyofanya, ili atakayekutana naye amtambue kabla hajatoa fedha.

Baba yetu alipata kiharusi kilichomwachia udhaifu wa mkono na mguu wa kulia. Akishasimama anaweza kwenda hatua kadhaa kwa mkongojo; kinachomshinda ni kule kunyanyuka. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyemhudumia alitueleza kwamba kiti cha namna hii humfaa mtu wa hali yake, kwa sharti kwamba akishainuliwa aweze kubeba uzito wake kwa miguu yake mwenyewe. Sharti hili wauzaji wengi hawalisemi. Kiti humfikisha mtu kwenye kusimama lakini hakimshikilii akishafika, na yule asiyeweza kusimama kabisa huhitaji kifaa kingine, kile kinachombeba mgonjwa kwa kitambaa maalumu kama machela. Muuzaji wetu hakuuliza lolote kuhusu hayo. Hakuuliza urefu wa baba, wala uzito wake, wala ni upande gani uliopooza. Aliuliza tunapenda rangi gani.

Nakiri kwamba swali hilo lilitufurahisha wakati ule, kwa kuwa lilitufanya tujione kama watu wanaochagua fanicha na si kama watu wanaouguza.

Ahadi alizotupa zilikuwa nyingi, na kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba kiti kina mota mbili. Tofauti hii si ya anasa. Katika kiti cha mota moja, egemeo la mgongo na sehemu ya kuinulia miguu hutembea kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kuinua miguu bila kumlaza mtu, wala kumkalisha wima bila kuishusha miguu. Na viti vyepesi vya aina hii huishia mgongo ukiwa umelala kwa nyuzi kama 45 tu. Kiti cha mota mbili huuendesha mgongo peke yake na miguu peke yake. Baba yetu huvimba mguu jioni, na tulitaka auinue huku amekaa wima akizungumza na watu au akila. Rimoti iliyokuja ilikuwa na vitufe vinne, nasi tukaridhika, maana tulikuwa tumesoma mahali kwamba vitufe viwili ni dalili ya mota moja na vinne ni dalili ya mbili. Ilituchukua siku mbili kugundua kwamba vitufe viwili kati ya hivyo vilikuwa vya joto na mtetemo. Kwa hiyo msihesabu vitufe, hesabuni mota zenyewe: kiti kikiwa kimeinuliwa hadi mwisho na plagi ikiwa imechomolewa, angalieni kwa nyuma chini ya kalio la kiti, na kila mota mtaiona kama kisanduku chenye fimbo ndefu ya chuma inayotoka na kuingia. Msiingize mkono wala kichwa humo wakati kiti kina umeme, na watoto wakae mbali, kwa kuwa kiti kinaposhuka hubana kwa nguvu chochote kilicho chini yake.

Kuhusu uzito alituhakikishia kilo 180. Lebo iliyokuwa chini ya kiti ilisema kilo 136, ambazo ni sawa na ratili 300 na ndicho kiwango cha viti vingi vya kawaida. Baba hafikii hata kiasi hicho, hivyo kwetu madhara hayakuwapo, lakini mwenye mgonjwa mzito angeumia kwa tofauti hiyo.

Jambo lililotuumiza zaidi lilikuwa vipimo, na hapa lawama nyingine ni yetu. Kina cha kalio la kiti, yaani kutoka kwenye egemeo hadi ukingo wa mbele, kilikuwa sentimita 56. Baba alihitaji kama 47. Kanuni yenyewe ni rahisi, na sijui kwa nini hakuna aliyetutamkia: mkalishe mtu kwenye kiti kigumu, makalio yakiwa yamegusa egemeo, pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza takriban sentimita 5. Kimo cha kiti nacho kiwe kile kinachoziacha nyayo zote mbili zikanyage sakafu huku magoti yakiwa yamepinda kwa pembe mraba. Kiti kikizidi kina, mtu hulazimika ama kuuacha mgongo wake hewani ama kuteleza mbele ili miguu ifike chini, na kuteleza ndiko kulikotokea kwetu. Kila kiti kilipoinama mbele, baba aliserereka juu ya ile ngozi bandia, na mara mbili tulimdaka akiwa ameshafika ukingoni, kabla miguu haijajipanga. Chombo kilichonunuliwa kumzuia asianguke kilikuwa kinamsogeza kwenye kuanguka. Kitambaa kisichoteleza kingesaidia kidogo, lakini hakuna kitambaa kinachoponya kiti kisicholingana na mwili wa mtu.

Halafu kulikuwa na rimoti, iliyokaa kwenye mfuko wa upande wa kulia, kama ilivyo katika viti vingi. Mkono wa kulia wa baba ndio uliopooza. Waya wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba haukuweza kupitishwa hadi kushoto bila kukazwa juu ya mapaja yake. Muuzaji aliyeuliza swali moja tu kuhusu mgonjwa angelijua hilo kabla ya kutuma.

Aliahidi vilevile kwamba umeme ukikatika kiti kitaendelea kufanya kazi. Ukweli ni kwamba viti vingi huwa na nafasi ya betri mbili ndogo za mraba za volti 9, ambazo kazi yake ni kukirudisha kiti katika hali ya kukaa, pengine mara moja tu, ili mtu asinaswe akiwa amelala. Hazikuwekwa kwa matumizi ya kila siku. Chetu kilikuwa na kisanduku cha betri kilicho tupu, nasi hatukujua kama kipo hadi umeme ulipokatika usiku baba akiwa amelala chali na miguu juu. Tulimtoa watu wawili, mmoja akishika mabega na mwingine akiinua mapaja. Yeyote anayenunua afungue kisanduku hicho siku ya kwanza, aweke betri mpya, kisha achomoe plagi kwa makusudi na kujaribu kumshusha mtu.

Katika wiki ya tatu kiti kiligoma katikati ya kuinua. Muuzaji alijibu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi za ukimya, kwamba tulikitumia vibaya kwa kukibonyeza mfululizo. Kwa haki nitasema kwamba jibu hilo lina chembe ya ukweli: mota nyingi za viti hivi hutengenezwa zifanye kazi kwa muda mfupi na kupumzika kwa muda mrefu, mara nyingi dakika 2 katika kila 20, na zikipata joto hujizima zenyewe. Lakini mota iliyojizima kwa joto huamka ikipoa, na yetu haikuamka. Tulipomkumbusha dhamana ya maisha aliyotuahidi, alitutumia karatasi ambayo hatukuwa tumeiona, inayosema kwamba fremu ya chuma ndiyo yenye dhamana ya maisha, mota na vifaa vya umeme vina mwaka mmoja, kazi ya fundi haimo, na kiti kizima kirudishwe kwake kwa gharama yetu. Nimejifunza baadaye kwamba kuigawa dhamana kwa mafungu ni jambo la kawaida hata kwa wauzaji waaminifu. Kosa lake ni kututajia fungu la kwanza tu na kuyaficha mengine hadi tulipokwama.

Kurudisha nako hakukuwezekana, kwa maelezo kwamba kiti cha mgonjwa kikishakaliwa hakipokelewi tena kwa sababu za usafi. Hoja ya usafi ina maana yake, ila hakuna njia ya kujua kama kiti kinamfaa mtu bila mtu huyo kukikalia, na kwa utaratibu wake kiti huwa chako daima tangu dakika ya majaribio. Dereva wake aliziacha sehemu mbili za kiti mlangoni, mgongo mbali na kalio mbali, akataka sahihi kabla ya kufungua makaratasi. Tulisaini. Msisaini hadi mgongo umeingizwa kwenye reli zake, vishikizo vimejifunga, na kiti kimepanda na kushuka mbele yenu kikiwa na mtu.

Kuhusu malipo, alituambia kwamba bima itaturudishia gharama zote, na kwamba punguzo lake lingekwisha usiku ule ule. Bima hutofautiana, lakini hata pale zinapolipa mara nyingi huwa na mipaka. Kwa mfano Medicare ya Marekani hulipia ule mtambo wa kuinua peke yake kwa mgonjwa aliyetimiza masharti, kiti kinachouzunguka hailipii, na mitambo ya springi inayomrusha mtu mbele ghafla imeikataa kabisa. Ulizeni bima yenu wenyewe, kwa maandishi, kabla ya kulipa. Nasi tulilipa kiasi chote kwa mkupuo, kwa njia isiyoweza kubatilishwa.

Lililonifanya niandike, hata hivyo, ni alilolikuta fundi. Alipokifungua kiti ili aitazame mota, aliona chini ya kitambaa kipya matundu ya pini za kitambaa cha zamani, na sponji iliyobonyea kwa umbo la mtu mwingine. Lebo ya namba ya utambulisho ilikuwa imebandikwa juu ya lebo nyingine. Niliwaandikia watengenezaji nikiwapa namba iliyokuwa chini, nao wakajibu kwamba kiti hicho kilikuwa kimeuzwa miaka kadhaa nyuma kwa mteja mwingine kabisa. Tuliuziwa kilichotumika kwa bei ya kipya, kikiwa kimevishwa nguo mpya.

Kwa sababu hiyo, mkizungumza na muuzaji wa viti hivi, mtakeni picha ya lebo iliyo chini ya kiti hicho hicho mtakachopewa, ikionyesha namba ya utambulisho, volti na uzito wa juu kabisa, kisha ipelekeni namba hiyo kwa watengenezaji kabla ya kulipa. Mpeni kwa maandishi vipimo vya mgonjwa na upande wake dhaifu, mkamtaka athibitishe kwa maandishi kwamba kiti kinalingana navyo. Muuzaji halali hatachukizwa na lolote kati ya haya. Wawili niliowajaribu baadaye walituma picha siku hiyo hiyo, na mmoja wao akaniambia waziwazi kwamba kiti alichonacho ni kirefu mno kwa baba yangu.

Wiki iliyopita niliiona ile picha ya kiti chetu, yenye pazia lile lile nyuma yake, ikitangazwa chini ya jina jipya la duka. Nilimwandikia kama mteja mgeni, nikaomba picha ya lebo iliyo chini ya kiti. Baada ya saa moja alinijibu kwa kuniuliza napenda rangi gani.