Niliuziwa "saa ya bomu" Sabasaba: kumbe ni saa ya rubani!

Mbukwenyi wadau! Samahani kwa huo upepo, ndiyo Dodoma yetu, ukifunga dirisha unaiva.

Haya, tazameni hapa. Nimeitoa soko la Sabasaba kwa elfu 85, muuzaji alianza laki na nusu. Ameniapia ni saa ya bomu. Kuna jamaa mwingine mwenye chaneli, simtaji, yeye alisema ya meli. Kaka, meli ya wapi?

Hii ni AChS-1, saa ya ndege za kivita za Kisovieti. Ilitengenezwa kiwanda cha Molnija, Chelyabinsk, ikafungwa kwenye MiG na ndege nyingine. Uso mweusi, mishale minene, hayo mnayaona wenyewe. Mimi nataka mtazame hiki kidirisha kidogo hapa juu. Sogea, kamera, sogea.

Sasa hivi ni cheupe. Nabonyeza kifundo chekundu cha kushoto... tk! Mmeona? Chekundu chote. Maana yake muda wa safari unahesabiwa. Nabonyeza tena: nusu nyekundu, nusu nyeupe, hesabu imesimama. Mara ya tatu: cheupe, na vijishale vya kiduara cha juu vimerudi kwenye 12. Ngoja nirudie, hii raha bwana. Tk. Chekundu. Rubani hana muda wa kukaa anapiga hesabu kwamba niliondoka saa ngapi na mafuta yamebaki ya muda gani. Anatupa jicho, basi.

Kiduara cha chini ni cha kupimia muda mfupi, unabonyeza kifundo cha kulia. Ukienda kilomita 600 kwa saa, kila dakika ni kilomita 10. Ukizubaa dakika tatu umepitiliza kilomita 30, yaani kama hapa mjini hadi Chamwino. Ndiyo maana ukikizungusha hiki kifundo cha kulia kufuata mwendo wa mishale, saa nzima inasimama, unailinganisha na wenzako hadi sekunde.

Kinachoniudhi ni ufunguo. Unajazwa kinyumenyume! Kifundo chekundu unakizungusha kushoto. Fundi mmoja wa saa alikikazania kulia hadi nikamnyang'anya. Mzee, utanivunjia!

Aa, nilisahau, mgongoni. Hivi vijipini ni vya umeme, volti 27. Siyo vya kuiendesha, saa ni ya ufunguo. Ni vya kuipasha moto, maana huko juu baridi inagandisha mafuta ya mashine. Bomu gani linapashwa moto saa yake?

Mwana mmoja aliniandikia nikwangue hizi namba zing'ae upya. Thubutu! Saa nyingi za zamani za ndege zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Kung'aa kunaisha kwa sababu unga wake unachoka, lakini radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kwa hiyo kioo sifungui, na wewe usifungue, hasa kama una watoto nyumbani.

Elfu 85, nimelizwa au sijalizwa? Mwanzo nilijuta, sasa hata kwa laki mbili siitoi. Kamera mpya ndiyo itasubiri, mtanivumilia na hii inayotikisika. Haya, mara ya mwisho, tazama dirisha... tk!