Wasiwasi mkali: kutafakari au kidonge?

Swali hili hurudi kila mara, na limeshapimwa. Mwaka 2022, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi. Takribani nusu walipewa dawa ya escitalopram. Wengine waliingia kozi ya MBSR, yaani mafunzo ya kupunguza msongo kwa kutafakari (kukaa kimya na kufuatilia pumzi), ile ya wiki 8 aliyoianzisha mwanasayansi Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Mwishoni, wasiwasi ulipungua kwa viwango vinavyokaribiana sana.

Kwa muda, kidonge kinashinda bila ubishi: unameza mara moja kwa siku, basi. Kutafakari kulidai darasa la saa mbili na nusu kila wiki, na dakika 45 nyumbani kila siku. Mama mwenye watoto wadogo na genge la kufungua alfajiri atazitoa wapi?

Mwilini mambo yanageuka. Karibu watu 8 katika kila 10 waliomeza dawa walipata madhara, mengi yakiwa kichefuchefu na usingizi kupotea. Kwa waliotafakari hawakufika 2. Lakini kukaa kimya na pumzi yako huweza kuamsha machungu ya zamani. Aliyepitia ukatili asianze peke yake.

Ukiwaza kujidhuru, muone daktari leo hii. Ukiwa na nafasi na mwalimu, na dawa zinakusumbua tumbo, kutafakari kuna hoja nzuri. Unayetumia dawa tayari, usiiache ghafla; viwili hivi vinaweza kwenda pamoja.